Kikopo cha Selina

Walimvua mkanda na kamba za viatu, wakamwachia koti lake jeupe la kliniki, kana kwamba kuna mtu humo mahabusu angekuja kung'olewa jino. Hivyo ndivyo Inspekta Evelina Chenge alivyomkuta Pius Yeremia asubuhi ile: tabibu wa kinywa na meno, kijana wa watu, kazi yake kuwaambia wenzake wafungue midomo, na sasa wa kwake ameufunga.

"Wakili wa serikali anataka jalada lako leo mchana," Evelina alimwambia. "Bosi wangu ameshaandika kosa: kusababisha kifo kwa uzembe. Likitoka mezani kwake unakwenda gereza la Butimba kusubiri kesi, na kesi zetu unajua zinavyotembea. Kwa hiyo tusipotezeane muda."

"Nimeshaeleza yote, afande."

"Nieleze tena. Mimi ni mtu wa mtaani, sijui kitu."

Pius akavuta pumzi. Mradi wao, alisema, unatafuta ugonjwa wa fizi kwa kupima mate. Fizi ikianza kuoza, mwili unamwaga kimeng'enya kinachoila nyama inayoshika jino, na kimeng'enya hicho kinaonekana kwenye mate mapema, hata kabla jino halijalegea. Basi wanapita vijijini, mtu anainamisha kichwa, anaacha mate yadondoke kwenye kikopo mpaka mstarini, kikopo kinakwenda maabara Buzuruga. Kimeng'enya kikizidi, mtu anaitwa kliniki, anafunguliwa mdomo, anatibiwa. Kisipozidi, anatumiwa ujumbe kwamba yuko salama.

"Na Selina mlimwambia yuko salama."

"Mate yake yalikuwa safi. Safi kabisa."

"Na kabla mwezi haujaisha amekufa. Usaha umetoka kwenye fizi, umeshuka shingoni, umemziba pumzi. Daktari aliyeuchunguza mwili anasema fizi zile hazikuoza jana, zina miaka. Mtu wa fizi hizo anatemaje mate safi?"

Pius alikunja pindo la koti lake.

"Ulimwona akitema?"

"Kikopo kilirudi kimejaa mpaka mstarini, na jina lake juu."

"Sikukuuliza habari za kikopo."

Pius aliangalia viatu vyake vilivyoachama. "Kila kitu kilifanyika kwa kufuata utaratibu," alisema.

Evelina alikuwa amehoji watu wa kutosha kujua kwamba mtu akianza kuongea kama tangazo la ukutani, kuna kitu amekikalia. Lakini alijua pia sura ya mtu anayeogopa na sura ya mtu anayeona aibu, na ya Pius ilikuwa ya aibu. Akafunga daftari, akatoka.

Kwenye korido alimkuta Afande Josephat, mkuu wake, ana chai mkononi na haraka zake za siku zote.

"Chenge, kinachokuchelewesha ni nini? Mke wa mtu amekufa, majibu yalikuwa ya uongo, aliyetoa majibu tunaye ndani."

"Aliyetoa majibu tunaye, afande. Hatujui majibu yalikuwa ya nani."

"Mume ndiye mlalamikaji, amekuja hapa na shemeji yake, mtu analia mpaka anashika ukuta. Gari la mradi limepigwa mawe Igombe, kliniki imefungwa, watu wanasema mate yao yanauzwa kwa waganga. Unataka tusubiri nini?"

"Mpaka saa nane."

Josephat akapuliza chai yake. "Saa nane. Halafu jalada linatoka, uwe umerudi ama hujarudi."

* * *

Kliniki ya mradi ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya stendi ya Buzuruga, na mlangoni mtu alikuwa ameandika kwa mkaa neno lisilofaa kusomwa mbele ya watoto. Rebeka, mtaalamu wa maabara, alifungua baada ya kuchungulia mara mbili. Mwanamke mfupi, macho mekundu, na mikono ambayo haikutulia mpaka ilipovaa glovu.

"Umekuja kunichukua na mimi?"

"Inategemea. Ulichanganya vikopo?"

Rebeka alicheka kicheko kisicho na raha hata kidogo. Akafungua friza. "Masalio ya kila mtu yapo. Kaya ya Mzee Odoyo ni vikopo vitano: mzee mwenyewe, mkewe, binti yao Aluoch, mtoto wao Jairo, na Selina mke wa Jairo. Nitavipima vyote upya mbele yako, usije ukasema nilikuambia."

Mate yaliyoganda yanayeyuka polepole, na Rebeka hakuwa mtu wa kuyaharakisha. Kila kikopo alikipa vipande viwili vya kupimia, vyembamba kama vile vya malaria. Kipande cha kwanza kilitafuta kimeng'enya: mstari mmoja, fizi nzima, mistari miwili, fizi zinaliwa. Cha pili kilitafuta tumbaku.

"Tumbaku ya nini?"

"Moshi unaficha ugonjwa. Mvutaji fizi zake hazitoi damu hata zikiwa mbovu, kwa hiyo tunataka kujua nani anavuta kabla hatujamwamini."

Wakainama wote wawili juu ya meza. Kikopo cha Mzee Odoyo kikatoa mistari miwili ya kimeng'enya, mizito. Cha mkewe mmoja. Cha Aluoch mmoja. Cha Jairo mmoja. Cha Selina mmoja. Kwenye tumbaku, watatu wa kwanza hawakuwa na kitu. Jairo alikuwa na alama, na Selina alikuwa nayo, imekoza sawasawa na ya mumewe.

"Selina alikuwa anavuta sigara?" Evelina aliuliza.

"Sijui. Mimi nakutana na mate, sikutani na watu."

Evelina alizunguka meza. "Haya. Selina alikuwa na fizi mbovu, hilo maiti yake imesema. Mate ya fizi mbovu hapa ni ya kikopo kimoja tu, cha mkwewe. Basi ulibadilisha majina: haya ya mzee ndiyo ya Selina, na haya ya Selina ndiyo ya mzee."

"Kama ni hivyo mzee ndiye mvuta sigara."

"Mzee ni mzee wa kanisa la Sabato."

"Basi kamnuse," alisema Rebeka. "Na ukimaliza kumnusa, mwangalie mdomoni. Maana tulishamwita na Pius akamtibu. Kama fizi zake zilikuwa nzima, mimi nitajifunga pingu mwenyewe."

Evelina hakucheka. Alikuwa amekiinua kikopo cha Selina kwenye mwanga wa dirisha. Mate yalikuwa na rangi ya kijani kwa mbali sana, ya kufifia. Akainua cha Jairo. Rangi ile ile. Vingine vitatu vilikuwa vyeupe.

"Hii ni nini?"

"Pipi, nadhani. Tuliwakataza wasile chochote kabla ya kutema, lakini nani anasikia? Mume na mke, labda walimumunya pamoja."

"Labda," alisema Evelina.

Rebeka akavua glovu. "Nikuambie kitu kimoja, ukiweke kwenye jalada lako. Hiki kipimo kinasaidia, hakiamui. Mtu akisema naumwa, mfungue mdomo hata mate yake yakiwa maji ya baraka. Selina hakusema anaumwa. Mficha maradhi kilio humfichua, ndiyo hivyo, lakini kilio kimemfichua yeye na kumfunga Pius." Akachukua kikopo kipya kwenye boksi, akamkabidhi. "Ukimpata mwenye haya mate, niletee mengine nilinganishe. Na umwangalie akitema. Usimgeuzie mgongo. Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza."

* * *

Uani kwa Mzee Odoyo, Igombe, turubai la msiba lilikuwa bado halijashushwa. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa duara, havina watu. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao mlangoni, Mjaluo wa Rorya aliyehamia ufukoni hapa zamani na kupewa uenyekiti wa kitongoji kwa sababu hana ugomvi na mtu.

"Shikamoo, mzee. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Karibu ukae."

Alipozungumza, Evelina aliona pengo mbele, meno mawili ya chini hayapo, na fizi zilizobaki zimekaza vizuri.

"Mzee, samahani kwa swali. Hayo meno ulitolewa lini?"

"Si ni huyo kijana mliyemfunga? Mate yangu yalisema naumwa, na kweli nilikuwa naumwa, tena siku nyingi, nilikuwa naamka na damu kwenye mto. Akaniita, akanisafisha, mawili yaliyoshindikana akayang'oa. Sasa natafuna muhindi." Mzee akaligusa pengo kwa ulimi. "Yule kijana mimi aliniponya."

"Na hukusema hivyo polisi?"

"Nani aliniuliza? Aliyeshitaki ni mwanangu. Mke ni wake."

"Na sigara, mzee? Ugoro?"

Mzee Odoyo alimtazama kwa masikitiko zaidi kuliko kwa hasira. "Tangu nilipobatizwa, hapa kwangu hakuna moshi ila wa jikoni. Uliza kijiji kizima."

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Pengo lilikuwa lake, damu ya mto ilikuwa yake, na mate ya mistari miwili yalikuwa yake. Vikopo havikubadilishwa. Evelina aliyapanga upya kichwani: kama mate ya Selina hayapo kwenye kikopo chake, na hayapo kwenye kikopo cha mtu mwingine, basi hayakuwahi kutoka mdomoni mwake.

"Nionyeshe mlivyokaa siku ile."

Mzee akainuka kwa furaha ndogo ya mtu anayeulizwa jambo analolijua. Nyumba yake ndiyo ilianza, alisema, kwa kuwa yeye ni mwenyekiti, alitaka watu waone ili wasiogope. Yeye alikaa hapa, kiti hikihiki. Wanawake walikaa pale kwenye mkeka, wanamtazama. Pius na vifaa vyake katikati.

"Na Selina alikuwa pale kwenye mkeka, mbele yako."

"Pale pale. Selina alikuwa na adabu, mwanangu. Msukuma, lakini alishika mila za hapa kuliko mabinti zangu. Hajawahi kula nikimwona. Hajawahi kucheka nikimwona. Mkwe wangu yule, miaka yote hiyo, meno yake sikuwahi kuyaona."

Alisema hivyo kwa sifa. Evelina aligeuka akaangalia ziwa kwa muda, kwa sababu hakutaka mzee auone uso wake.

Aluoch, binti wa pale, alikuwa jikoni anachambua dagaa. Alikuwa na umri wa Selina, na alichambua bila kuinua kichwa.

"Wifi yako alikuwa anaumwa meno?"

"Ugali alikuwa anatafunia upande mmoja. Samaki anamchambulia Jairo, yeye anakula mchuzi. Mswaki wake ukiuona una damu kama umechinjiwa kuku. Alikuwa anasukutua na chumvi huku nyuma, baba akilala."

"Siku ya vipimo si ndiyo ilikuwa nafasi ya kusema?"

"Alitaka kusema. Alikuwa amejiandaa kabisa. Halafu baba akaleta kiti chake akakaa." Aluoch akatupa kichwa cha dagaa. "Mimi ni binti wa hapa, baba ameniogesha, nikitema mate mbele yake atanigombeza yaishe. Selina ni mke wa mwanawe. Ainamishe kichwa, mate yamning'inie mdomoni, mkwe anamtazama? Bora angevua nguo."

"Akafanyaje?"

Mikono ya Aluoch ikasimama. "Afande, Jairo ni kaka yangu."

"Na Pius ni mtoto wa mama mwingine, yuko ndani. Saa nane anapelekwa. Akafanyaje?"

Kuku aliingia, akafukuzwa.

"Alibaki na kikopo mkononi. Pius akaona. Akamwambia taratibu, mama, nenda nyuma ya jiko, mimi sitazami. Akageuka kabisa, akajifanya anapanga vifaa. Selina akaenda. Jairo akamfuata na cha kwake. Wakarudi vikopo vyote vimejaa. Nikamtania Selina, kumbe una mate hivyo? Hakunijibu."

"Hayo umemwambia nani?"

"Nani aliniuliza?" alisema Aluoch, sauti ile ile ya baba yake.

Evelina aliondoka Igombe na pikipiki ya kituo. Sasa aliijua aibu ya Pius. Sheria yao ya kwanza ilisema amtazame, na hakumtazama, kwa sababu naye mama yake alimlea kwa adabu hizo hizo. Heshima si utumwa, wanasema wenye methali. Waliosema hivyo hawakuwahi kuwa mke wa mtu kwenye boma la mtu.

* * *

Mwaloni Kirumba kulikuwa na kelele za mchana, magunia ya dagaa yanapanda malori, na Jairo Odoyo alikuwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza injini za mitumbwi, amepiga magoti mbele ya mashine iliyofumuliwa. Alikuwa mwembamba, amevaa kitambaa cheusi mkononi. Alipomwona Evelina alisimama haraka.

"Afande. Mmeshampeleka?"

"Bado. Nina maswali madogo."

"Uliza tu, dada yangu. Mimi nataka haki ya mke wangu."

Shavu lake la kushoto lilikuwa limetuna kidogo, kitu kinazunguka ndani. Chini, kati ya nati na matambara ya oili, kulikuwa na karatasi za pipi za kifua, nyingi, za kijani.

"Una kikohozi?"

"Ah, hapana. Nimezoea tu."

"Unavuta sigara, Jairo?"

"Mimi?" Akatabasamu kwa kuumia. "Mimi ni shemasi."

"Sikukuuliza cheo. Marehemu alikuwa anavuta?"

"Selina? Afande, tafadhali. Msimchafue mtu aliyelala kaburini. Selina hata jiko la mkaa lilikuwa linamkohoza."

"Nimefurahi kusikia," alisema Evelina, na hakuwa amefurahi. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Kwa sababu asubuhi hii nimeona mate yake yanapimwa. Yana tumbaku. Na yana rangi ya pipi ya kijani. Nimeona na mate yako. Yana tumbaku ile ile na kijani ile ile. Vikopo viwili, Jairo, na mdomo mmoja."

Jairo aliangalia karatasi za pipi pale chini. Pipi iliacha kuzunguka shavuni.

"Nimetoka nyumbani. Nimeoneshwa mkeka, nimeoneshwa kiti cha mzee, nimeoneshwa nyuma ya jiko. Unaweza kunidanganya, una haki hiyo, lakini usinichoshe."

Nje ya kibanda mpakiaji mmoja alimtukana mwenzake, wakacheka wote. Jairo alikaa chini, pale pale kwenye oili.

"Alikuwa analia," alisema. "Nyuma ya jiko. Alisema hawezi, mzee atasikia hata sauti ya kutema. Nikamwambia lete. Nikajaza changu, nikajaza na chake."

"Hukuona kwamba ni kosa?"

"Sikuona." Aliinua uso, na ulikuwa uso wa mtu anayesema kweli akiwa amechelewa. "Nilidhani ni yale yale. Tunakula sahani moja. Tunalala kitanda kimoja. Kama ni ugonjwa si tungekuwa nao wote? Mchungaji alituambia mbele ya watu, kuanzia leo ninyi ni mwili mmoja. Mimi nilijua mate ya mume na mke ni mamoja."

Evelina alikuwa amesikia utetezi wa kila namna kwenye kazi hii: wa pombe, wa shetani, wa mtu aliyenituma simjui. Huu hakuwahi kuusikia, na ubaya wake ni kwamba aliuamini.

"Alipoanza kuvimba ulimwambia nini?"

Jairo aliokota nati moja, akairudisha chini.

"Jairo. Shavu lilipovimba, aliposhindwa kumeza, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Ujumbe ulikuja kwenye simu. Nilimsomea. Kipimo kimesema uko salama."

"Kipimo cha mate ya nani?"

Jairo alifuta mdomo kwa kiganja, akauacha na oili.

"Naye akasema nini?"

"Alisema sawa."

Selina alijua, Evelina alifikiri. Alikuwepo nyuma ya jiko, aliona mate ni ya nani, na alisomewa majibu ya mumewe akasema sawa, kwa sababu mume akishasema, mke anajibu sawa. Akatamani kumzaba mtu kibao, na aliyestahili kibao hakumjua vizuri.

"Na wewe ulijua lini? Kwamba si mamoja?"

"Hospitali. Daktari alipomfungua mdomo. Nilisimama pale, nikaona." Sauti ikamkatika. "Nilikuwa sijawahi kumwona vizuri mdomoni. Hata mimi."

"Kwa hiyo ulijua kabla ya mazishi. Ukaja kituoni, ukamshitaki Pius, na ulijua."

"Msibani kaka yake, Masalu, alisimama. Akauliza mbele ya watu wote: dada yangu tuliwapa mzima, amekufa na nini? Watu wakanigeukia mimi. Ningesema nini, afande? Nikasema kipimo kilitudanganya. Nilikisema kipimo. Sikumtaja mtu."

"Kipimo hakifungwi," alisema Evelina. "Anafungwa mtu."

Simu yake ikaita. Alipokea bila kuinuka kwenye ndoo.

"Chenge, saa yako imefika," alisema Afande Josephat. "Jalada liko mkononi mwangu."

"Lirudishe mezani, afande. Mate si ya Selina. Ni ya mlalamikaji, amekiri mbele yangu."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa. "Na yule tabibu?"

"Ana kosa lake. Alipaswa kumtazama akitema, hakumtazama, halafu amekaa kimya kulinda adabu za watu. Hilo ni la baraza la taaluma yake, wamhoji. Si la Butimba."

"Na mume?"

Evelina alimtazama Jairo. "Huyu nakuja naye. Ametoa taarifa ya uongo. Mengine wakili wa serikali atatuambia."

Alikata simu. Jairo alikuwa bado chini, anakunja na kukunjua karatasi ya pipi. Kwa muda alionekana anatafuta maneno, na Evelina akamsubiri, akidhani anataka kuuliza habari za Pius, au za Masalu, au za kaburi.

"Afande," Jairo alisema kwa sauti ya chini. "Utamwambia mzee?"

"Habari za Selina? Lazima atajua."

"Hapana." Akameza. "Habari za sigara."

Hasira ilimpanda Evelina hadi masikioni. Mwanamke yuko udongoni, kijana wa watu ana viatu visivyo na kamba, kliniki imeandikwa matusi, wagonjwa wa fizi wa ufuko mzima hawatakubali tena kutema mate kwa mtu yeyote, na mtu huyu anamwogopa baba yake. Halafu alikumbuka kwamba ndivyo ilivyoanza nyuma ya jiko, kwa kumwogopa mzee huyo huyo. Alifungua mkoba, akatoa kikopo cha Rebeka, akakifuta kwa leso ingawa kilikuwa kisafi.

"Tema pipi hiyo kwanza," alisema. "Sukutua. Halafu nijazie hiki mpaka mstarini, kikalinganishwe."

Jairo alitema pipi, akasukutua na maji ya dumu, akapokea kikopo kwa mikono miwili. Kisha, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyofanya mbele ya mwanamke wa heshima, akageuka kumpa mgongo.

Evelina aliinuka kwenye ndoo. Akamzunguka polepole, akakanyaga karatasi za kijani, akasimama mbele yake, uso kwa uso.

"Hapana," alisema. "Safari hii natazama."

Jairo aliinamisha kichwa juu ya kikopo, mdomo wazi. Hakikutoka kitu. Ulimi wake ulikuwa umekauka, alihangaika nao, akameza, akainama tena, na machozi ndiyo yaliyotangulia kudondoka. Evelina akakisogeza kikopo pembeni yasije yakaingia, akasubiri mate.